Kiatu kigumu, buti, plasta au skrubu: kuchagua tiba ya ufa wa wayo kwa wakimbiaji wa Unguja na Pemba

Maumivu ya msuli husambaa. Maumivu ya mfupa wenye ufa hukaa pahala pamoja, na ncha ya kidole kimoja inatosha kupaziba. Kaa kitako, weka kidole cha shahada juu ya wayo, kisha bonyeza polepole ukiufuata kila mfupa kutoka kwenye vidole kurudi nyuma. Ukifika pahala ukashtuka, nawe unajua pahala hapo hapo ndipo panapouma ukikimbia, panavimba jioni, na siku hizi panauma hata ukienda sokoni, basi uhesabu mfupa huo kuwa una ufa mpaka picha iseme vyengine.

Hapo ndipo watu hukwama. Mmoja ataambiwa anunue kiatu kigumu aendelee na kazi zake, mwengine atafungwa plasta mpaka chini ya goti, wa tatu atapewa rufaa ya upasuaji, na wote watatu "wamevunjika wayo". Watakutana barzani na kila mmoja atadhani mwenzake kaonewa au kapendelewa. Kumbe huenda wote wamepewa tiba sahihi, kwa sababu kila mmoja ameumia mfupa wake.

Kwanza ujue ni mfupa upi

Wayo una mifupa 26, ukiacha vijifupa viwili vidogo vya sesamoidi vilivyo chini ya kitako cha dole gumba. Mkimbiaji huumia zaidi kwenye metatasali, yaani ile mifupa mitano mirefu inayounganisha vidole na sehemu ya nyuma ya wayo. Huhesabiwa kuanzia dole gumba: ya kwanza ndiyo nene, ya tano iko ukingoni upande wa kidole kidogo.

Ufa wa aina hii hauji kwa kishindo kimoja. Kila siku mfupa unajibomoa kidogo na kujijenga, na mzigo ukipanda haraka kuliko ujenzi, mwanya hubaki. Daktari wa jeshi la Prussia, Breithaupt, aliieleza miguu iliyovimba ya askari wa miguu tangu mwaka 1855. Hapa kwetu anayeumia mara nyingi ni yule aliyekaa miezi, kisha akajitosa kila siku wiki chache kabla ya mazoezi ya kitaifa ya Januari 1, au aliyepumzika Ramadhani nzima akarudi baada ya Idi na kilomita zile zile za Shaabani.

Kwa kuchagua tiba, gawa mifupa hii makundi mawili.

Kundi la kwanza huunga kwa wepesi. Humo mna shina (sehemu ndefu ya kati) na shingo ya metatasali ya pili, ya tatu na ya nne, na mfupa wa kisigino. Mna pia ile nundu unayoipapasa ukingoni mwa wayo, mwanzo wa metatasali ya tano, pale kipande kidogo kinapong'olewa na ukano mguu unapopinduka. Damu inafika vizuri sehemu hizi.

Kundi la pili ni la kuogopwa. Navikula, mfupa ulio juu ya upinde wa wayo mbele ya kifundo, una damu chache katikati, na ufa hupita hapo hapo katikati. Metatasali ya tano nayo ina pahala pake pabaya, kiasi cha upana wa dole gumba mbele ya ile nundu. Ndipo alipovunjika daktari Robert Jones akicheza dansi, akapaeleza mwaka 1902, na mpaka leo panaitwa kwa jina lake. Ongeza mwanzo kabisa wa metatasali ya pili, upande wa kifundo, na zile sesamoidi. Huku ufa unaweza kukaa miezi bila kuunga, na mwenyewe akadhani amepona kwa vile uvimbe umeshuka.

Angalia basi umbali ulivyo mdogo: nundu ya metatasali ya tano ni kundi la kwanza, upana wa dole gumba mbele yake ni kundi la pili. Neno "amevunjika upande wa kidole kidogo" halitoshi kumchagulia mtu tiba.

Kuhusu picha, eksirei inayopigwa wiki mbili au tatu za mwanzo mara nyingi hutoka safi ilhali ufa upo, kwani kinachoonekana baadaye ni ule mfupa mpya unaojengeka kuuzunguka. Eksirei safi ya siku ya tano haikupi ruhusa ya kukimbia. Weka alama ya kalamu pale panapouma kabla hujaingia chumba cha picha, omba picha za pande tatu (juu, ubavuni na mshazari), na urudie baada ya siku 10 hadi 14 ikiwa maumivu yapo. MRI (picha ya sumaku) huonyesha mapema. Navikula hujificha kwenye eksirei hata baada ya wiki nyingi, kwa hiyo anayeumwa juu ya upinde anahitaji MRI au CT (eksirei ya tabaka kwa tabaka). Uliza kwanza Hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, au ukiwa Pemba uanzie Hospitali ya Abdalla Mzee pale Mkoani; njia ya rufaa ya mifupa huishia Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, Dar es Salaam. Mpaka jibu lije, usiukanyagie.

Nenda siku hiyo hiyo usingoje ikiwa huwezi kwenda hata hatua nne, unyayo umevilia damu kwa chini, wayo umepinda, vidole vimekuwa baridi au vimekufa ganzi, au pana jeraha juu ya pahala palipovunjika.

Vigezo tulivyotumia

Njia zote nne tumezipima kwa maswali yale yale. Inauzuia mfupa usipinde kwa kiasi gani? Itakuchukua muda gani mpaka mbio? Unaishi nayo vipi hapa, penye mchanga, ngazi za Mji Mkongwe, daladala, udhu na choo cha kuchuchumaa? Nini huharibika? Na humfaa nani? Bei hatukuiandika, kwa sababu hutofautiana sana baina ya duka na duka na baina ya hospitali na hospitali. Iulize kabla ya kukubali, na uulize pia gharama za marudio.

1. Kiatu cha soli ngumu

*Kinavyofanya kazi.* Kila ukiondoa kisigino chini, wayo hukunjika penye vidole na metatasali hupinda kidogo. Soli isiyokunjika huukata mpindo huo. Mfupa unabeba uzito wako lakini haupindi. Kipimo ni mikono yako: shika ncha na kisigino, jaribu kukunja. Kikikunjika, hakifai.

Hapa watu hutafuta mbadala wa nyumbani, na inafaa tuuseme mmoja mmoja. Ndara na yeboyebo ni laini mno. Makubadhi yana ngozi nene lakini hukunjika pale pale usipopataka. Mtalawanda unaonekana kama jibu, maana ni ubao mtupu. Ila tazama unavyouvaa: msumari wa mti umekaa baina ya dole gumba na cha pili, na kila hatua vidole vinaubana ili kiatu kisitoke. Kule kubana kunavuta kano zinazopita chini ya metatasali zile zile unazotaka zipumzike, na kwenye sakafu ya maji mtalawanda huteleza. Uwachie msalani kwa mwenye miguu mizima. Kiatu cha kazi chenye soli nene isiyokunjika, kilichofungwa kamba vizuri, kiko karibu zaidi na kile cha hospitali.

*Muda.* Wiki 4 hadi 6 za kukivaa, na mbio za kwanza kwa kawaida baina ya wiki ya 6 na ya 8.

*Maisha nacho.* Ndicho chepesi kuliko vyote. Unakoga, unatia udhu, unapanda daladala. Tatizo ni vipindi unavyokivua. Kwenye sala, mtu anaposujudu na anapokaa, vidole vya mguu hukunjwa chini na kubebeshwa uzito. Hiyo ni karibu sawa na kuinuka kwa ncha za vidole, mara tano kwa siku pamoja na sunna. Sali kwenye kiti kwa wiki hizo. Choo cha kuchuchumaa nacho hupeleka uzito mbele ya wayo. Kiti cha plastiki kilichokatwa katikati kinatatua.

*Kinachoharibika.* Mtu hupata nafuu wiki ya pili, akakivua nyumbani, akaenda peku kwenye sakafu usiku kucha, kisha akashangaa mbona wiki ya sita bado. Nafuu ya wiki ya pili ni uvimbe kupungua. Mfupa wenyewe bado ni ute unaoanza kugumu.

*Humfaa nani.* Mwenye ufa wa shina la metatasali ya pili hadi ya nne, au nundu ya ya tano, anayeweza kutembea bila kuchechemea sana. Hakimfai mwenye navikula, hata akijiona hana maumivu.

2. Buti la kutembelea

*Linavyofanya kazi.* Ni gamba la plastiki linalofika chini ya goti, lina soli iliyopinda kama chelezo na mikanda ya kunata. Linazuia kifundo na wayo kwa pamoja, na ile soli inakuviringisha mbele bila vidole kukunjika.

*Muda.* Wiki 3 hadi 6, kisha kiatu kigumu wiki mbili. Mbio huanza wiki ya 8 hivi kwa kundi la kwanza.

*Maisha nalo.* Linavuliwa kwa kukoga, kwa udhu na, daktari akikubali, kwa kulala. Hilo ndilo lililowafanya wengi walipende kuliko plasta. Ila linainua mguu mmoja kwa sentimita mbili tatu, na baada ya wiki kiuno na nyonga za upande wa pili huanza kulalamika. Vaa mguu mzima kiatu kinene, au ongeza kipande cha soli ndani mpaka mabega yawe sawa mbele ya kioo. Wengi huuziwa buti bila kuambiwa hili.

Mchanga wa pwani ndio adui wa buti. Ukijaa kwenye mikanda, haishiki tena. Ichambue kwa mswaki mkavu kila usiku. Vitambaa vya ndani hulowa jasho, hasa kipindi cha kaskazi. Vifue kila siku mbili, uvianike kivulini, na uvae soksi ndefu ya pamba ili ngozi isichubuke. Ngazi za nyumba za Mji Mkongwe ni nyembamba na zimesimama, na soli iliyopinda haizipendi. Panda kwa mguu mzima kwanza, shuka kwa mguu mgonjwa kwanza, mkono ukutani au kwenye kamba.

*Kinachoharibika.* Mikanda iliyolegea. Buti linaloachia kisigino kuinuka ndani halizuii kitu. Na kwa vile linavuliwa, litavuliwa. Anayejijua hana subira achague plasta bila kuona haya.

*Humfaa nani.* Mwenye maumivu makali mno kwa kiatu kigumu, mwenye ufa wa kisigino, mwenye mifupa miwili iliyopasuka kwa pamoja, na anayetoka kwenye plasta au upasuaji.

3. Plasta na magongo, bila kukanyaga

Huku ndiko penye maneno mengi, kwani kosa la hapa ndilo linalomgharimu mkimbiaji mwaka mzima.

*Inavyofanya kazi.* P.O.P, au hogo kama wengine wanavyoliita, hufungwa kutoka vidoleni mpaka chini ya goti, kifundo kikiwa pembe mraba. Lakini katika kundi la pili, kinachotibu ni *kutokukanyaga*. Plasta inasaidia tu. Navikula iliyofungwa plasta ya kukanyagia hushindwa mara nyingi. Ile ile isipokanyagwa kabisa wiki 6 hadi 8 huunga kwa wengi. Kwa hiyo ukifungwa, uliza neno moja kabla ya kuondoka: "Nikanyage au nisikanyage?" Jibu liandikwe kwenye cheti, maana anayekuhudumia wiki ya tatu huenda akawa mtu mwengine.

*Muda.* Kwa navikula, wiki 6 hadi 8 za plasta, kisha buti, kisha kutembea. Mbio za kweli ni miezi minne hadi sita. Kwa pahala pa Jones, wiki 6 hadi 8 za plasta na picha, na si ajabu kuongezewa.

*Maisha nayo.* Plasta ya P.O.P hugumu kwa dakika chache lakini hukauka ndani baada ya siku mbili, na wakati wa masika, hewa ikiwa imejaa maji, hata tatu. Kabla haijakauka usiilaze juu ya ukingo mgumu wala kuibonyeza kwa vidole. Kila kibonyeo kinageuka kidonda ndani. Siku mbili za mwanzo weka mguu juu ya mito mpaka upite kiwango cha moyo. Ikilowa imekufa, irudishe. Ile ya faiba ni nyepesi na hukauka kwa nusu saa hivi, lakini pamba yake ya ndani haivumilii maji vilevile. Kwa kukoga, mifuko ya plastiki miwili, mmoja juu ya mwengine, kila mmoja na mpira wake, na mguu nje ya beseni. Kuhusu udhu, mas'ala ya jabira (kiungo kilichofungwa kwa kuumia) yana hukumu zake zinazojulikana. Muulize shehe wako siku ya kwanza, usikae na wasiwasi wiki nane.

Magongo yapimwe ukiwa umesimama: baina ya kwapa na gongo pite vidole viwili au vitatu, kishikio kiwe usawa wa kifundo cha mkono unaoning'inia, ili ukikishika kiwiko kikunjike kidogo. Uzito uende viganjani. Anayening'inia kwa kwapa hufa ganzi mikono. Mipira ya chini ikisha kulika, badilisha, maana sakafu ya saruji yenye maji haina huruma. Mchangani gongo huzama. Ukiishi Nungwi au Jambiani tafuta njia ngumu ya kufikia nyumba, au mtu wa kukushika.

*Kinachoharibika.* Kigimbi hupungua kwa wiki chache tu, kifundo hukaza. Kila saa moja kunja na kunjua vidole vya mguu mara 20, na uinue mguu mzima kutoka nyongani mara 15. Usichokoe mwasho kwa kijiti cha mshikaki. Kikikwaruza ngozi, kidonda hukijui mpaka kinuke. Rudi hospitali siku hiyo hiyo vidole vikiwa vya buluu, baridi au ganzi, au maumivu yakizidi dawa. Na kigimbi kikiuma na kuvimba, au pumzi ikabana ghafla, hilo ni damu kuganda kwenye mshipa, usilale nalo.

*Humfaa nani.* Navikula ambayo vipande havijaachana, pahala pa Jones kwa asiye na haraka ya mashindano, sesamoidi sugu, na mtu yeyote ambaye kazi yake ya kusimama itamfanya akanyage akiwa na kitu kinachovulika.

4. Upasuaji wa skrubu

*Unavyofanya kazi.* Kwa pahala pa Jones, skrubu moja huingizwa ndani ya uwazi wa mfupa kutoka kwenye nundu kwenda mbele, ikaubana ufa. Navikula hupigwa skrubu kukatisha ufa, wakati mwengine na mfupa wa kupandikiza.

*Muda.* Baada ya skrubu ya metatasali ya tano, wiki mbili hivi bila kukanyaga, buti mpaka wiki ya 6, na mbio nyepesi baina ya wiki ya 8 na ya 12 *ikiwa* picha inaonyesha umeunga. Navikula ni miezi minne au zaidi, hivyo skrubu haikupunguzii sana kalenda.

*Maisha nao.* Panga safari ya boti kwenda na kurudi, mtu wa kukusindikiza, na pahala pa kukaa Dar es Salaam siku chache ikiwa rufaa ni huko. Usisafiri na bahari chafu siku ya kwanza. Mtikisiko na mguu uliovimba haviendi pamoja. Nyuzi hutolewa siku ya 10 hadi 14, na hilo linaweza kufanywa huku huku nyumbani ukiwa na karatasi za upasuaji. Maji ya bahari mbali mpaka kidonda kifunge kabisa.

*Kinachoharibika.* Kidonda kupata usaha. Ukingo wa wayo kufa ganzi, maana pana mshipa wa fahamu unapita hapo hapo. Kichwa cha skrubu kusugua kiatu. Na kubwa kwa mkimbiaji: kurudi mapema, mfupa ukavunjika tena juu ya skrubu nyembamba. Muulize daktari unene wake. Kwa mwanamichezo, chini ya milimita 4.5 ni ndogo.

*Humfaa nani.* Mwenye pahala pa Jones anayekimbia kwa mashindano, vipande vilivyoachana, au ufa uliokataa kuunga baada ya plasta. Mwenye kisukari kisichotulia, au anayevuta sigara asiyeweza kuacha, atulize hayo kwanza. Kidonda na mfupa vyote vitachelewa.

Na kuchua je?

Wazee wa kuchua wana mikono mizuri kwa msuli uliokaza na kifundo kilichopona kikabaki kigumu. Juu ya ufa mbichi, kukandwa kwa nguvu na mafuta ya moto kunavunja ule ute uliokwisha kujengeka, na kipande kilichokuwa pahala pake kinaweza kusogea. Akuchue kigimbi na paja upendavyo. Wayo akae nao mbali mpaka uubonyeze mwenyewe usisikie kitu.

Wakati wa kungoja

Njia yoyote utakayochagua, mapafu yanaweza kufanya kazi. Kukimbia majini, ukiwa na boya kiunoni na miguu isiyogusa chini, huhifadhi pumzi vizuri, lakini kundi la pili lisianze bila ruhusa, na mwenye plasta hana njia. Enda maji yakiwa yamejaa. Wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita tatu, mkondo ni mkali, na yakipwa utajikuta unakanyaga shokeshoke na kamba za mwani. Siku za maji mafu ni tulivu zaidi. Baiskeli inafaa kundi la kwanza, pedali ikiwa chini ya kisigino.

Chakula kiwe cha kutosha kabla ya kuwa cha namna gani. Dagaa wanaoliwa na miiba yao, maziwa, mtindi na mchicha vinaupa mfupa malighafi. Mwanamke anayekimbia ambaye siku zake zimekatika miezi mitatu amwambie daktari. Mfupa wake huenda umepungukiwa na homoni za kujijenga, na ufa mwengine unamngoja. Kwa maumivu, paracetamol, isiyozidi gramu 4 kwa siku. Dawa ya kuua maumivu ili ukimbie ni jambo jengine kabisa, usilifanye.

Kurudi mbioni

Usiangalie kalenda peke yake. Kwanza ubonyeze mfupa usisikie kitu, utembee dakika 30 kwa siku tano bila kuchechemea, uinuke kwa ncha ya mguu mmoja mara 20, kisha uruke kwa mguu huo mara 10. Kundi la pili lisiruke kabla ya picha.

Baadaye, siku moja ndiyo, siku moja hapana: kimbia dakika 1 tembea 4, mara sita. Mazoezi matatu bila maumivu ndiyo pasi ya kuingia kimbia 2 tembea 3, kisha 3 kwa 2, kisha 4 kwa 1, mpaka dakika 30 mfululizo. Pahala pale pakiuma wakati wa mbio au asubuhi ya pili, pumzika siku mbili na urudi daraja moja nyuma.

Uwanja una maana. Maisara kwenye nyasi, au uwanja wa Gombani kwa walio Chake, ni bora kwa kuanzia. Mchanga laini unaulazimisha mbele ya wayo kusukuma zaidi, na ule mgumu wa maji yakipwa una mteremko unaoubana ukingo wa mguu wa upande wa bahari. Ukitumia, geuza njia katikati. Maweni iwe ya mwisho kabisa.

Kwa hali yako

Ufa wa metatasali ya pili hadi ya nne, kazi ya kukaa, nyumba ya chini: anza na kiatu kigumu. Ukiwa unasimama dukani au unasomesha skuli siku nzima, buti litakubeba vyema zaidi.

Ukingo wa wayo upande wa kidole kidogo: usichague chochote mpaka aliyesoma picha akuambie kama ni nundu au mbele yake. Nundu, kiatu au buti. Mbele yake, plasta bila kukanyaga ikiwa unakimbia kwa afya. Ukishindana, kaa na daktari wa mifupa mzungumze skrubu mapema badala ya kungoja miezi mitatu ya plasta ishindwe.

Juu ya upinde: magongo leo, picha ya kina, plasta isiyokanyagwa. Ukiwa Pemba na safari ya picha itachukua wiki mbili, magongo yaanze kabla ya safari.

Unaishi ghorofa ya tatu Mji Mkongwe na umeambiwa plasta: tafuta jamaa wa Ng'ambo au shamba mwenye nyumba ya chini, ukakae kwake wiki sita. Mwenye plasta huanguka kwa urahisi ngazini.

Umebakisha wiki tano kabla ya mashindano uliyokwisha kulipia, na picha inaonyesha ufa wa kundi lolote: mpe nambari yako mwenzako kama waandaaji wanaruhusu, au uombe ihamishiwe mwaka ujao.